Posa ya Vidonge vya Nahashon

Jumamosi hizi, baada ya sala ya kufungua mkutano wa chama chetu cha watu wa nyumbani, kunapita kimya kidogo ambacho hakuna anayekijaza. Hapo ndipo Nahashon alipokuwa akisimama, akikohoa mara moja na kuuliza, "Mwenyekiti, akidi imetimia?" Aliuliza hata tukiwa watu wanne tu sebuleni kwa Mzee Wanjohi, ghorofa ya kumi na saba, mtaa wa Cedar-Riverside, hapa Minnesota, na wawili kati yetu wako jikoni wanachambua maharagwe. Sasa hakuna anayeuliza. Tunatazamana, theluji inapita dirishani, kisha mtu anasema, haya, tuendelee.

Nahashon alikuwa mtu wa utaratibu. Mchana aliwaogesha na kuwavisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee; jioni aliandika kumbukumbu za mikutano yetu kwa mwandiko wa mwalimu wa shule ya msingi, kazi aliyoiacha Nyeri. Alikuwa pia mtu wa vidonda vya tumbo. Kidonda kiliwahi kumwangusha ndani ya lifti akimsukuma bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu, na ni bibi huyo aliyebonyeza kengele. Tangu hapo alimeza kidonge kimoja cha zambarau kila asubuhi, akawa mzima.

Januari ya 1996 alipata kazi mpya Oakdale, nje ya mji, na kazi ikaja na bima mpya. Mfamasia alimweleza polepole. Bima hii hailipii vidonge vya zambarau mpaka mgonjwa ajaribu kwanza vile vya bei nafuu. Ila kwa kuwa yeye ni mgeni, watamlipia vya siku thelathini, vya kumvusha tu. Ndani ya siku hizo daktari wake awaandikie kwa nini hawezi kubadilishiwa. Sababu ilikuwepo: vile vya bei nafuu alikwisha kuvimeza, na ndivyo vilivyomfikisha kwenye sakafu ya lifti.

Ugenini tulikuwa tumezoea vitu vya kutuvusha: viza, godoro la rafiki, koti la msaada. Labda ndiyo maana hatukushtuka. Mtu mwingine angempigia daktari simu. Nahashon aliitisha kamati.

"Ndugu zangu," alisema, chupa ya vidonge ikiwa mezani mbele yetu, "mtu hajiombei mwenyewe. Mtu huombewa."

Mama Mumbi, ambaye ni nesi, aliweka kikombe chini. "Nahashon, hii ni fomu. Daktari anajaza, anatuma kwa faksi, kwisha. Chai yangu haitakuwa imepoa."

"Maoni ya Mama Mumbi yaandikwe," alisema Nahashon, na akayaandika.

Mkutano wa pili ulichagua wajumbe wa kwenda ofisi ya bima, kama waendao kuposa. Wa tatu ulijadili mavazi. Msemaji akawa Mzee Wanjohi, kwa kuwa ameposea vijana sita hapa Minnesota na hakuna hata mmoja aliyekataliwa.

"Mmoja si aliachwa?" aliuliza Mama Mumbi.

"Hiyo ni baada ya harusi. Kazi yangu mimi inaishia mlangoni."

Siku ya ishirini na sita, vidonge vinne vikiwa vimebaki, tulishuka basi Saint Paul tukiwa na suti ndani ya makoti mazito. Mzee Wanjohi alitangulia na fimbo. Mimi nilibeba kikapu cha majani ya chai, sukari na blanketi. Nahashon alikuja nyuma kabisa, mdomo umefungwa, maana bwana harusi hasemi.

Katika ofisi ya bima tulipokewa na mama mwenye sweta ya picha za bata. Mzee Wanjohi akaketi, akamuuliza habari za watoto, za wazazi, za baridi. Mama akajibu zote, kwani watu wa huku huona haya kumkatiza mgeni. Kisha Mzee akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu maneno yanayofungua kila posa kwetu, "Tulikuwa tunapita, tukaona kondoo mzuri katika boma lenu. Hatukuja kwa ugomvi. Tunauliza tu kama yumo."

"Bwana, hapa ni bima ya afya."

"Tunajua. Kondoo mwenyewe ni wa zambarau."

Mama akainua simu. "Kuna mabwana watatu hapa, wameulizia kondoo," alimwambia mtu. "Hapana, hawajaja naye."

Mzee akaona mambo yanakwenda vizuri, akamsogezea kikapu. Mama akakirudisha kwa vidole viwili. "Samahani, siruhusiwi kupokea zawadi."

Kwetu, kikapu kikirudi, posa imekataliwa. Nahashon aliniangalia, akaiangalia chupa mkononi mwake, na uso wake ukawa uso wa mtu aliye ndani ya lifti.

"Mama!" alifoka, akaitua chupa mezani. "Nina vidonge vinne! Vikiisha naanguka!"

Mzee Wanjohi akajifunika macho. "Bwana harusi amesema. Tumekwisha."

Mama akasoma karatasi ya chupa. "Oo. Daktari wako ametuma fomu?"

"Daktari tulimpangia awamu ya pili," nilieleza.

Akampigia daktari palepale. Faksi iliingia Mzee akiwa bado anaomba radhi kwa niaba ya ukoo. Baada ya siku mbili jibu likaja: vidonge vitalipiwa, maadamu Nahashon anaendelea na kazi ileile ya Oakdale iliyoleta bima, kwa saa zote, Jumamosi zikiwemo.

Mkutano uliofuata Mzee Wanjohi alitangaza kwamba sasa ameposea saba. Mama Mumbi alitaka faksi itajwe kwenye kumbukumbu. Suala hilo liliahirishwa.

Basi la kwenda Oakdale halipiti Jumamosi, siku yake ya kazi na yetu ya mkutano. Nahashon sasa anaishi hukohuko Oakdale, chumba namba tisa, dakika sita kwa miguu kutoka kazini.