Hapana ya Kwanza ya Baba Riziki

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, mwanangu, niliposhuka kwenye boti pale ufukoni Swima, kijijini kwetu, nikiwa na hasira kifuani na maneno machache mdomoni. Laiti ningeyameza.

Sikukusudia kusimulia habari hii. Lakini wiki iliyopita mlikaa hapa nyumbani, mjini Baraka, wewe na mdogo wako, mkitazama zile filamu za Wakorea zilizotiwa Kiswahili, nami nikakaa nyuma yenu nikijifanya nasinzia. (Kwa kusinzia huko nimeona filamu nyingi kuliko mnavyodhani.) Mama wa kijana tajiri alimwita msichana maskini hotelini, akamwambia amwache mwanawe, kisha akammwagia maji ya glasi usoni. Ukapiga kelele.

"Huyu mama ni muchawi!"

"Usilie, yaya," mdogo wako akasema, akikuita mkubwa wake kama tunavyoitana huku. "Kila filamu yabo iko na muzazi wa kukataa. Ku mwisho atakubali tu. Banakubalaka."

Mkacheka. Mimi nikatoka nje, mkadhani naenda kuangalia mbuzi. Sikwenda kwa mbuzi. Nilikwenda kusimama peke yangu, kwa sababu mimi namjua mzazi aliyekuwa tayari kukubali, na najua kwa nini hakupata nafasi.

Mbali na baba yako, nilikuwa na mdogo mwingine aliyeitwa Wilondja. Umelisikia jina lake likitajwa katika sala, hukuambiwa zaidi. Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, jambo ambalo wachache kijijini walikuwa nalo wakati ule, na sikukubali mtu alisahau. Wilondja hakupenda shule. Alivua ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, na alikuwa mtu wa maneno machache, mwepesi wa kuumia. Vita ya kwanza ilikuwa imepita juu yetu. Watu walirudi kutoka ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wakaezeka nyumba upya, wakaanza tena kuoana. Wilondja akampenda Riziki, binti wa fundi cherehani wa Baraka, naye Riziki akampenda.

Baba mkubwa ndiye aliyepaswa kwenda kuposa, lakini mguu wake ulikuwa umevimba. Akaniita.

"We umesoma, utasema muzuri," aliniambia. "Lakini masikio itumike kupita kinywa. Umesikia?"

Niliitikia kama mtu anavyoitikia asichokisikia.

Nikaenda na shangazi. Tulibeba jogoo mwekundu na bidoni, dumu la mafuta ya mawese. Baba Riziki alituacha tumekaa barazani mpaka amalize kushona mkono wa shati. Wazee wa ukoo wake walikuwa wamejaa uani. Mwishowe akainua uso.

"Munatafuta nini?"

"Baba, tumekuja kuomba ndugu yetu apate muke hapa."

"Hapa? Hapa iko batoto tu. Riziki bado anachezaka na udongo." Riziki alikuwa mtu mzima, amejificha chumbani kama desturi inavyotaka. Wazee wakaanza kutabasamu. "Na huyo ndugu yenu, nyumba yake iko wapi? Balinambia analalaka mu ziwa. Ni muntu ao ni kiboko?"

Uwanja mzima ukacheka.

"Mutoto wangu akiolewa na kiboko, bajukuu yangu batakuwa na meno ya namna gani? Hapana. Mi sina mutoto wa kutoa. Mukule, kisha murudie kwenu."

Mama Riziki akamchukua yule jogoo, akamfunga nyuma ya jiko. Akatuletea bugali na samaki mkubwa. Tulipoondoka, wakatusindikiza mpaka barabarani. Yote hayo niliyaona kwa macho, lakini masikio yangu yalikuwa yamejaa kicheko. Nikasema moyoni: wametutukana, na kuku wetu watamla.

Ndani ya boti shangazi aliniuliza, "Unanunia nini? Mambo imeenda muzuri."

"Shangazi, nyamaza tu. We hukusoma."

Naandika neno hilo leo na mkono unaona haya.

Nilikuwa wa kwanza kuruka majini tulipofika Swima. Wilondja alikuwa ufukoni anatengeneza wavu. Alisimama, kamba bado mkononi.

"Yaya, banasema nini?"

"Banasema we ni kiboko. Banasema Riziki hawezi kuolewa na muntu wa kunuka samaki. Usirudie kule tena. Habatutake."

"Riziki alikuwako?"

"Alikuwako. Alinyamaza."

Mwanangu, hilo la kunuka samaki hakulisema mtu. Nililiongeza mimi, ili aone hasira yangu ina sababu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu lingepona.

Wilondja aliukunja wavu taratibu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Kesho yake alfajiri akapanda boti ya wachuuzi wa samaki iliyokuwa inakwenda Kazimia, kusini kule, bila kuaga.

Siku hiyo hiyo ndipo nilipokwenda kwa baba mkubwa kumpa taarifa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Na kuku?"

"Bamemupokea. Bamemufunga."

Akajivuta akae wima na mguu wake uliovimba. "Basi bamekubali. Muntu wa kukataa anarudishaka kuku. We, shule haikukufundisha hata kuku? Fata mudogo wako, umuambie. Kisha murudie Baraka mara ya pili, na pombe."

Nilipaswa kuondoka saa ile ile. Sikuondoka. Kumfuata Wilondja kulikuwa ni kumwambia kwamba niliongeza neno, na nilikuwa mkubwa wake, na nilikuwa nimesoma. Nikamjibu baba mkubwa, "Acha hasira yake ipoe, atarudi mwenyewe." Nikasema hivyo wiki ya kwanza, nikasema hivyo wiki iliyofuata.

Kisha watu wa kijiji cha Makobola wakaanza kupita barabarani, wamebeba magodoro na masufuria, wengine hawakubeba kitu na hawakutaka kuulizwa. Vita ilikuwa imerudi. Boti zikaacha kwenda Kazimia. Tukavuka ziwa na wengine. Baba mkubwa alifia ng'ambo, jina la Wilondja likiwa mdomoni mwake. Mimi alinitazama tu.

Kule kambini Tanzania ndiko nilikomkuta Baba Riziki. Alikuwa amevuka na kichwa cha cherehani yake kifuani, bila meza wala miguu ya cherehani, amekipachika juu ya gogo na kushona viraka vya watu. Nikamwamkia. Alinitambua mara moja.

"Mulipotelea wapi?" akauliza.

"Baba, ulitukataa."

Akaacha kushona. "Mi nilikataa mara moja. Nani anatoaka mutoto mara ya kwanza? Bantu batasema alikuwa anatuozea mu nyumba. Mara ya kwanza baba anasema kwa kinywa ya ukoo. Mara ya pili anasema kwa kinywa yake. Mi nilibangojea. Kila Jumapili mama yake anafagia kiwanja, Riziki anavaa kitenge, jioni anavua."

Nikamwuliza Riziki yuko wapi, nikitumaini ataniambia yuko kwenye foleni ya maji.

"Alikataa kuvuka. Alisema, nikivuka, Wilondja akitoka Kazimia atanikosa. Tulimuvuta mukono, alitushinda."

Hapo nikamwambia lile neno nililoongeza. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Alisema tu, polepole, "Kunuka samaki? Mi baba yangu alikuwa muvuvi." Kisha, baada ya kushona mshono mzima, akasema tena: "Na mi pia nilikosea. Nilicheza muchezo ya wakati ya amani, na vita iko ku mulango." Hakuniita kwa jina tena mpaka alipokufa.

Riziki hatukumpata. Waliobaki Baraka walisema aliondoka kwa miguu na kundi la watu kuelekea Kazimia, na kundi lile halikuonekana lilikofika. Wilondja, mtu mmoja aliyetoka kule aliniambia, alipanda milimani na wenye bunduki, akisema ziwani hana mtu tena. Akazikwa huko huko, mahali ambapo mtu yule hakuweza kunionyesha. Kama walikutana njiani hata mara moja, hakuna aliyeniambia, na nimeuliza sana.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mjumbe hauawi, wanasema, lakini mjumbe anaweza kuua. Ukitumwa neno, lifikishe kama ulivyolipewa, usilitie chumvi ya kifua chako. Ukikosea, rudi siku hiyo hiyo useme nimekosea. Aibu haikui kwa kusemwa, inakua kwa kufichwa. Na mzazi anayekukatalia usimwite mchawi kabla hujamrudia. Wako wanaokataa kwa chuki, nawajua. Wako pia wanaongoja tu uoneshe kwamba unajali kiasi cha kurudi. (Nasema juu ya hapana ya baba, usinielewe vibaya. Msichana mwenyewe akisema hapana, hiyo haina mara ya pili. Kijana achukue kofia yake aende.)

Na sisi wazazi tuna letu. Katika filamu zenu mzazi ana muda. Anaugua, anaoteshwa ndoto, analia kitandani, anamwita msichana mwanangu, na wote wanakula pamoja. Huku kwetu milima ingali inalia bunduki, na barabara iliyo wazi leo haijulikani kesho. Ndiyo yako usiiweke akiba kama unga.

Najua kuna watu wanakuja mwezi ujao kwa ajili yako. Baba yako ameanza kutafuta maneno ya kuwachezea, nimemsikia akiyajaribu peke yake akinyoa ndevu. Nimekwisha kusema naye. Desturi ni yetu, haitatuua tukiikunja kidogo. Watakuja, watakula, na kabla hawajainuka wataambiwa ndiyo, uani, kwa sauti ambayo hata walio barabarani wataisikia.

Mungu akupe mume anayeuliza kabla ya kuondoka. Akupe mashemeji wasioongeza neno. Wazee wangu waliolala pande zote mbili za ziwa wakusimamie, watoto wako wazaliwe katika nyumba isiyokimbiwa, na siku nitakapozikwa, mtaje Wilondja na Riziki pamoja, kwa pumzi moja.