Mjane wa Bwana Bentsil

Ekow Bentsil, karani mstaafu wa forodha, aliacha kusoma alipofiwa na mkewe Mansa. Hakukusudia. Kila akishika riwaya, kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza hugeuka amwambie Mansa jambo, akaona kiti kitupu, akafunga kitabu.

Kikundi chetu cha wasomaji hapa Cape Coast, pwani ya Ghana, hata hivyo, hakukiacha. Nyumbani kwake palikuwa kimya mno, na Anti Araba, mwalimu mkuu wa zamani aliyetukaribisha barazani kwake kila mwezi, alijua kukaanga ndizi za pilipili.

Sharti letu lilikuwa moja tu: kila mtu aseme anasoma riwaya gani. Bentsil alikwepa kwa muda, mara kikohozi, mara miwani imevunjika, mpaka siku Anti Araba alipomkazia macho.

"Bwana Bentsil, wewe hapa unakula ndizi tu, au na kusoma unasoma?"

"Nasoma, Anti."

"Unasoma nini?"

Akameza tonge. "Inaitwa *Jiko la Sebuleni*. Ni ya mjane mmoja wa Elmina. Shemeji yake anaitaka nyumba, basi kafunga jiko ili mama wa watu achoke, aondoke. Mama naye kapanga mafiga sebuleni, juu ya zulia la shemeji, anakaanga samaki."

Baraza zima likacheka. "Huyo ndiye mwanamke!" akasema Esi Turkson, mshonaji, aliyekuwa shoga wa Mansa. "Halafu?"

"Ndipo nilipofika."

Mwezi uliofuata Anti Araba alitoka ndani na riwaya nene ya Kirusi yenye majina ya kuvunja meno. Hakuna aliyemuuliza habari zake. Sote tulimgeukia Bentsil. Mjane, akatuambia, sasa anaalika kwaya nzima ya kanisa ifanyie mazoezi mlangoni kwa shemeji.

Ndipo Kwamena Arhin akajikohoza. Arhin alikuwa mhadhiri, na haikuwahi kutokea akatajiwa kitabu asichokisoma.

"Hiyo niliisoma zamani," akasema. "Mwisho wake dhaifu. Anaolewa na shemeji."

Bentsil aliruka kitini. "Haolewi!"

"Umefika ukurasa gani, mzee wangu?"

"Nimefika mbali!"

"Endelea, utaona. Mwandishi alichoka."

"Hakuchoka hata kidogo!"

Sisi tulidhani ni ubishi wa wasomi. Anti Araba, ambaye hakupenda kuachwa nyuma, akasema hata yeye alikiona kitabu hicho maktaba ya chuo, jalada la kijani, na kama anakumbuka vizuri mjane anakufa. Bentsil akatutazama mmoja mmoja. Angemwitaje mtu mwongo?

Wiki zile Esi, akipita kwa Bentsil, alimsikia mara kadhaa akigombana peke yake kwa sauti mbili, moja yake na moja ya kike.

Tulipokutana tena alisema amemaliza. Shemeji aliugua, na mjane akawa anampelekea supu aliyoipika pale pale sebuleni. Alipopona, shemeji akaleta ufunguo wa jiko kwa mikono miwili. "Kaa nao," mjane akamwambia. "Mimi nishazoea hapa. Na zulia lako lishaungua, la kuokoa halipo tena."

Tulipiga makofi. Anti Araba alifuta macho. Arhin alifikiri kidogo.

"Kumbe walibadilisha," akasema. "Mimi nilisoma toleo la kwanza."

Njiani kurudi, Esi alimsogelea Bentsil. "Kaka Ekow, yule mjane wako anasema ovyo kama Mansa. Neno kwa neno."

Bentsil akaendelea kutembea.

"Kitabu hicho kinauzwa wapi?"

"Hakiuzwi, Esi."

"Nilijua. Na mwezi ujao unasoma nini?"

"Sijui bado," akasema, akitabasamu. "Lakini kuna mwanamke mmoja ana mbuzi."

Esi alinisimulia hayo mimi peke yangu na kuniapisha nisimwambie mtu. Mwisho wa mwaka tulipiga kura, na *Jiko la Sebuleni* ikashinda kama riwaya bora. Arhin mwenyewe alijitolea kumtafuta mwandishi ili tumwalike. Kila mkutano hutuambia kwamba ameshamwandikia, na jibu liko njiani.

Bentsil humshukuru kwa dhati. Anasema hata yeye angependa sana kukutana naye.