Laini ya Mama Mwenye Nyumba

Safari ya kutoka Kahama hadi Songea ilinichosha kuliko kazi niliyoiendea. Basi la kwanza lilikufa kabla ya Singida. La pili lilinishusha Makambako, nikasinzia kituoni nimekumbatia sanduku langu la spana mpaka likapatikana gari la kushuka kusini. Baada ya Njombe kona zikaanza, abiria mmoja akatapikia kofia yake mwenyewe, nami nikajiapiza kwamba nikishaitengeneza hiyo mashine ya kusaga niliyoitiwa, naondoka. Mwezi mmoja, basi. Nilisema hivyo hivyo Mpanda na Tunduma.

Nilikaa Songea miaka sita.

Kilichonikalisha ni nyumba. Nilipanga chumba Mjimwema kwa mama mmoja mjane, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mparachichi nyuma na dirisha lililotazama milima ya Matogoro. Nyumba ya wazazi wangu, Tabora, iliuzwa nikiwa kidato cha tatu, na tangu hapo sikuwahi kupigilia msumari ukutani bila kumwomba mtu ruhusa. Nilipomwomba mama mwenye nyumba, alishangaa. "Msumari mmoja tu? Pigilia, mwanangu, ukuta hauna roho."

Mwaka wa tano akaniambia amechoka na mji, anataka kwenda kukaa na dada yake Namtumbo, na nyumba angependa niichukue mimi. Hati ilikuwepo, kwa jina lake. Kiwanda cha sembe kilikuwa kimeshaniajiri na mshahara ulipitia benki. Nikavaa shati la kola, nikaenda kuomba mkopo wa nyumba.

Afisa mikopo, binti mwenye miwani, aliitazama kompyuta kwa muda mrefu.

"Kaka, una mkopo chechefu."

"Mkopo gani?"

"Uliokufa. Haulipwi. Ulikopa kwa simu, na una zaidi ya mwaka."

"Mimi sijawahi kukopa hata sukari!"

Akanisomea namba ya simu. Niliijua. Ilikuwa ya mama mwenye nyumba.

Ilikuwa hivi. Mwaka wangu wa kwanza, laini yake ilitaka kufungwa kwa kukosa usajili wa alama za vidole, nikamsindikiza kwa wakala mmoja mwenye mwavuli karibu na stendi. Kile kimashine kikamkataa kidole baada ya kidole. Jembe lilikuwa limeshazifuta alama. "Wako wengi wa hivi," wakala akasema, "huwa watoto wao wanawawekea." Mtoto wake pekee alikuwa Tunduru, akinunua korosho. Nikaweka changu, laini ikasajiliwa kwa jina langu. Nani angefikiri mara mbili? Nusu ya mtaa walikuwa wamewekeana vidole.

Nilirudi nyumbani nimefura. Lakini kwa mtu wa umri ule unaanza na shikamoo, na shikamoo inakupunguzia nusu ya hasira.

"Mama, uliwahi kukopa kwa simu?"

"Nilikopa ya mbolea. Simu yenyewe ndiyo iliniuliza kama nataka."

"Na kulipa?"

"Si nikawangoja waje."

"Waje akina nani?"

"Wenye hela. Kwani nilihama? Nipo hapahapa. Angekuja mtu kudai ningempa, na ugali angekula."

Nikamweleza kwamba wale hawaji. Wanaandika jina tu, na jina waliloandika ni langu. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Yaani mbolea yangu wanakudai wewe? Pole, fundi!" Kesho yake akauza gunia la mahindi, tukalipa deni lote.

Nilidhani yameisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Deni lilikuwa limelipwa, lakini jina lilibaki chafu. Watu wa simu wakanituma kwa wakopeshaji, wakopeshaji wakanirudisha benki, na kila mahali niliambiwa mfumo bado haujasoma. Mfumo! Walimtaja kama bwana mkubwa aliyesafiri bila kuaga.

Ukaja kusoma mvua za kifuku zikiwa zimeisha. Nikakimbilia benki.

"Sasa unahitaji historia nzuri," binti akasema. "Kopa kidogo, ulipe kwa wakati."

"Sina shida ya hela ndogo."

"Najua, kaka. Kopa tu."

Nikakopa. Zile noti nikazifungia kwenye sanduku la spana, na zikarudi benki zilezile, pamoja na riba. Nimewahi kulipwa kupaka chokaa mawe ya barabarani kwa sababu mkubwa fulani alikuwa anapita, na ile kazi ilikuwa na akili kuliko hii.

"Halafu ile laini ifute," akaongeza. "Akikopa tena, tunaanza upya."

Nikaifuta. Mama nikampeleka kwa wakala asajili laini yake mwenyewe, tukampaka mafuta vidoleni, tukavisugua, vikakataliwa tena. Nikamwahidi kwamba tutajaribu siku nyingine, lakini mashine za kiwandani zikaharibika, nikawa nashinda huko.

Nilichosahau ni kwamba mwanawe alikuwa akimpigia kila Jumapili baada ya misa. Namba yangu hakuwa nayo. Jumapili mbili simu haikupatikana, akapanda basi, akafika macho mekundu, akamkuta mama yake anachambua maharage.

"Mama! Nimekuja na hela ya jeneza!"

"Basi kaninunulie nyama."

Kufikia jioni alikuwa ameshasikia habari ya kuuza. Akaja kusimama mlangoni kwangu, kwa adabu kabisa. "Fundi, huna kosa. Lakini njia nzima nilijua nimeshamzika. Nyumba haiuzwi. Nahamia hapa na familia."

"Na chumba hiki?"

"Nina watoto wanne, kaka."

Mama aliniuliza swali moja tu. "Mimi nilisema nauza, yeye kasema anarudi. Ungekuwa wewe ndiye mama, ungechagua lipi?" Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, nikamkosa.

Mwezi uleule binti wa benki akanipigia. "Hongera, kaka! Jina lako safi. Lete hati."

"Hati ya nyumba ipi?"

"Yoyote! Songea imejaa nyumba."

Imejaa kweli. Nilikwenda kutazama moja kule Matogoro, nzuri, nikarudi nikaanza kupanga spana sandukuni.

Nilipoondoka ilikuwa Julai, baridi kali. Mwana akanibebea sanduku mpaka stendi. Mama alifuata nyuma na mfuko wa maparachichi, akanionyesha laini yake mpya, iliyosajiliwa kwa kidole cha mwanawe.

"Hii sikopi," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye simu imeshamuuliza.

"Mama!"

"Nimesema sikopi. Na ule msumari, umeung'oa?"

"Nimeuacha."

"Vizuri. Ukija utatundika koti."

Koti nilikuwa nimelivaa. Nikamshika mkono, nikapanda basi la Njombe.