Kahawa ya baba yetu wa Ujiji ilipogoma kuhamia Katonga

Wakuu, habari za kutwa.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Kigoma, sijahadithiwa na mtu. Anayebisha aje Ujiji nimkalishe kwenye benchi, aulize wenyeji.

Marehemu baba aliuza kahawa Ujiji. Jiko la mkaa, birika, kashata, na benchi mbili zinazotazamana. Buni ya Kalinzi, anakaanga mwenyewe, anatwanga mwenyewe.

Uzeeni mkono wake wa kulia ukapooza, akawa hawezi kumimina. Wateja wakajiwekea utaratibu: aliyefika wa mwisho anashika birika na kuwamiminia wote aliowakuta.

Na huwezi kummiminia mtu bila kumsalimia. Hata mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka Njombe hana ndugu, akimaliza mzunguko mmoja keshajua nani fundi cherehani na nani anapangisha vyumba.

Baba alipofariki, biashara ikabaki kwangu na dada yangu Zaituni. Tukafungua tawi mjini jirani na stesheni, halafu Katonga, pale mwaloni wanaposhusha samaki. Kipato chote cha Ujiji kikawa kinamezwa na hayo matawi.

Dada akaniambia wazi, "Katonga ikifa inaondoka na Ujiji. Benchi za baba tutazigeuza kuni za kupikia."

Sasa sisi tukajiona wa kisasa. Tuseme ukweli, mteja kalipa halafu ajihudumie na kuhudumia wenzake? Tuliona ni kasoro iliyoletwa na ugonjwa wa mzee. Kwenye matawi mapya tukaajiri mabinti wenye aproni, kila mteja na kiti chake, kikombe kinamfuata alipo. Huduma safi kabisa.

Lawama zikaanza. "Hii siyo kahawa ya mzee."

Katonga ndiyo usiseme. Mvuvi anaonja, anaguna, anaacha nusu kikombe anaondoka. Na gunia ni lile lile, mkaangaji ni dada yule yule! Akaongeza tangawizi, akapunguza tangawizi. Mimi nikasema anaunguza, yeye akasema mabinti wangu wachafu. Tukafika mahali hatusalimiani. Wakuu, nilianza kuichukia hata harufu ya kahawa.

Asubuhi moja binti wa Katonga akaumwa, nikaenda mwenyewe. Maji yakaisha. Nikaacha birika jikoni, nikatoka na ndoo.

Kurudi, namkuta Mama Furaha kashika birika langu. Huyu ni mama wa asili ya Kongo, anauza dagaa, zamani alikuwa mteja wa baba. Keshawasogeza watu viti vikatazamana, anazunguka anamimina. "Mwakeye," anamsalimia mvuvi mmoja wa Kagunga kwa Kiha chake cha kuungaunga, watu wanamcheka, naye anacheka.

Mvuvi huyo ndiye bingwa wa kuacha nusu kikombe. Akamaliza, akaniambia, "Leo umetuletea ile ya Ujiji."

Ilikuwa ya gunia la jana.

Nikampigia dada, akasema nimechanganyikiwa. Kesho yake akaja, kanuna, akavuta kiti akakaa. Watu wote wakamgeukia. Mama Furaha akamsogezea birika.

"Dada, wa mwisho ni wewe."

Dada akainuka akaanza kumimina, anasalimia mmoja mmoja. Alipofika kwangu machozi yanamtoka.

"Kumbe ni ule mkono wa baba," akasema.



Katonga sasa inapumua, na benchi za Ujiji zipo. Mjini bado. Tuliweka benchi, ofisa mmoja akaniuliza kwa nini amimine kahawa ya mtu asiyemjua. Simlaumu, ana haraka zake. Pale tumerudisha viti, tunauza kahawa basi.

Nilichojifunza: ukirithi biashara, usikimbilie kurekebisha unachokiona kasoro kabla hujajua kinafanya kazi gani.

Sasa kuna mtu anatuita Kasulu tufungue tawi la nne. Dada anataka, mimi roho inasita. Mliowahi kukuza kitu cha wazazi, nyie mlikwendaje? Andikeni hapa, nasoma yote.

Na ukipita Ujiji ukatukuta tumekaa, usisubiri kuhudumiwa. Birika liko jikoni.