Kinga za Wankyo

Robi wa Mwisenge hakuwa mtu wa kubabaishwa na ugonjwa. Alimuuguza mdogo wake Lukas mpaka Ukimwi ukammaliza, na tangu hapo neno kinga kwake lilikuwa na maana moja tu: zikishuka, mtu anakufa. Sasa mwambie mtu huyo kwamba mdogo wao wa mwisho, Wankyo, kaandikiwa dawa za kushusha kinga!

Wankyo alikuwaga muuza dagaa, mcheshi, mwenye mdomo. Kisha viungo vikavimba, mashavu yakatoka wekundu, nywele zikapukutika. Alipima virusi zaidi ya mara moja, hakuna kitu, mtaa haukuamini. Hospitalini daktari aliwaeleza taratibu. Seli za mwili hupeana taarifa, alisema: moja ikiguswa na adui, taarifa hupita ndani yake mpaka kwenye kiini, kinga zinaamka, na kazi ikiisha zinaambiwa zitulie. Kwa Wankyo ile taarifa ya kuamka haikomi. Kinga zinashambulia figo zake mwenyewe. Ugonjwa unaitwa lupasi, na vidonge ni vya kuizuia ile taarifa isipite.

Robi aliitikia kwa kichwa, ila moyoni hakukubali hata kidogo. Vidonge vilipomvimbisha Wankyo uso, akapata sababu. Akamwachisha, akawa anamnywesha mlonge na uji wa lishe ili kinga zipande. Na kwa upendo wote, maskini wa Mungu. Figo zikafa. Masika hayajaisha, Wankyo naye akafuata.

Msibani, nyumbani kwao Butiama, wanawake walinong'onezana jikoni kwamba ni yale yale ya kaka yake Lukas. Robi aliwasikia, na yakamchoma. Akinyamaza, mdogo wake atazikwa na uongo ule. Akisema, atakuwa amejitaja mwenyewe mbele ya mama yao. Mzee wa kanisa alipomwita asome historia ya marehemu, alisimama na karatasi yake.

Alisoma kuzaliwa, ubatizo, biashara. Alipofika kwenye ugonjwa aliikunja karatasi.

"Wankyo hakuwaga na virusi," alisema. "Kinga zake zilikuwa kali mno, zikamgeukia mwenyewe. Dawa ya kuzituliza alikuwa nayo. Mimi ndiye nilimwachisha."

Mama yao aliinuka kwenye mkeka, akaingia ndani, akafunga mlango.