Moja ya Shukrani

Nadhani mimi ndiye mwanafunzi wa kwanza Kibondo kukosa hesabu kwa sababu ya adabu. Nilikuwa darasa la saba, miaka ile ya tisini, na mwalimu wetu wa hisabati alikuwa mgeni kutoka pwani. Alitufundisha kwamba mabano ni kapu. Ukitaka kurahisisha, toa vilivyomo, weka pamoja vinavyofanana, a na a, b na b, basi. Akaandika ubaoni 7a + (2a + 3b). Mimi nikampelekea daftari langu: 9a + 3b + 1.

"Hii moja imetoka wapi?"

"Mwalimu, kwetu kapu la mtu halirudishwi tupu. Nimeweka moja ya shukrani."

Alicheka mpaka chaki ikamdondoka. Darasa zima likacheka, ingawa niliwaona wawili watatu wakifuta moja zao harakaharaka. Shule moja ya Kasulu ilikuwa imetualika kushindana hisabati, mwanafunzi mmoja kila shule, na mimi safari ile niliitaka hadi ikaninyima usingizi. Sikuwa nimewahi kuvuka Kibondo. Mwalimu akasema mwenye moja ya shukrani Kasulu haendi. Nilikasirika masikio yakawaka moto. Tangu siku hiyo shule nzima ikaniita Kapu.

Jumamosi yake mama alikuwa anamfungia zawadi mama mdogo, aliyekuwa amejifungua. Gunia letu lilikuwa limebaki na mabakuli kumi ya maharage. Mama, kwa ukarimu wake wa asubuhi, akaniambia nitie matano kapuni. Nikatia. Akachungulia guniani, uso ukabadilika.

"Mwana wanje, mwanangu we, toa mawili. Na sisi tutakula."

Nikarudisha mawili guniani, na pale pale nikasimama na bakuli mkononi. Tulikuwa tunatoa kapu, lakini yale mawili yaliyopunguzwa kapuni yalikuwa yanaongezeka kwetu! Nikachukua mkaa nikaandika ukutani: 10 − (5 − 2), chini yake 10 − 5 + 2. Saba. Nikahesabu guniani, saba. Mama akaniuliza kama nimechanganyikiwa, ukuta wake ameusiriba juzi tu.

Jumatatu mwalimu akaandika 8a − (3a − 2b). Wote wakatoa 5a − 2b. Mimi nikaandika 5a + 2b. Akaniita mbele nieleze, huku anatabasamu, anangojea kichekesho kingine. Nikamweleza gunia, kapu, na mama alivyojuta. Hakucheka. Alitazama ubao, akanitazama mimi.

"Fua sare yako," akasema. "Unakwenda Kasulu."

Tulikwenda kwa lori la mahindi, nikafika na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Mpinzani wangu alikuwa kijana mrefu, viatu vinang'aa, na wenyeji walimshangilia kabla hajaandika kitu. Tukaenda sare mpaka swali la mwisho: 9a − 2(a − 3b) − 4b. Yeye alimaliza upesi, 7a − 10b, akapangusa mikono. Ukumbi ukalipuka makofi. Mimi nikafumba macho, nikamwona mama na gunia lake. Makapu mawili yanaondoka, kila moja limepunguzwa b tatu, kwa hiyo sita zimerudi nyumbani. Toa nne, zimebaki mbili. Nikaandika 7a + 2b, wala sikuongeza hata nukta.

Msimamizi alisoma jibu lake, akasoma langu, akaweka alama ya vema kwenye langu. Nilipiga kelele kuliko mtu yeyote ukumbini. Sikuona aibu, na leo pia sioni.

Mama alipopata habari alijaza kapu maharage, safari hii bila kupunguza, nikampelekea mwalimu. Nilimwambia nitalifuata kapu siku yoyote. Hakungoja. Kesho yake aliingia nalo darasani, akaliweka mbele yangu kwenye dawati. Ndani mlikuwa na kitu kimoja, chaki nzima, haijaguswa.

"Hiyo ndiyo moja yako," akasema. Kisha akaenda kukaa dawati la nyuma, akafungua daftari. "Haya, mwalimu. Leo mabano utatufundisha wewe."