Kaka Anaposikia kwa Taya

Jirani aliwahi kuniuliza, "Mama wa sala kama wewe, kwenye muziki wa roki ulifuata nini?"

Nilimfuata kaka yangu, fundi cherehani wa miaka sitini na minane. Spika za miaka mingi ya kupiga gitaa zimemla masikio, hasikii vizuri anachopiga. Alasiri ile ya joto, uwanjani kwenye tamasha la roki, alikaza nyuzi za gitaa huku ameegemeza taya kwenye ubao wake, azisikie kwa mfupa.

"Babu analibusu!" vijana wakamcheka.

Alipolipiga, vijana haohao waliruka hadi vumbi likatufunika. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Aliposhuka jukwaani hakutaka sifa. Alinishika mkono, akasema, "Mdogo wangu, siku nikianza kukosea, niambie wewe, kabla watu hawajajua."